Fedha za shule za watoto wetu: mswada uliokwama na fomu tunazojaza wenyewe



Tangu shule zifunguliwe, swali moja limekuwa likizunguka pale mezani kwenye chai ya saa nne: kwa nini shule za msingi za London zinafungwa au kuunganishwa, na jiji limejaa watu namna hii? Wako wanaosema serikali inabana matumizi, wako wanaoilaumu kaunsili. Jibu lake linapitia kwenye namna fedha za shule zinavyogawanywa, na kwenye mswada wa sheria ambao mwaka 2022 ulitaka kuubadilisha mgawanyo huo. Mswada ulikwama, lakini jambo lenyewe halikuisha, na sehemu yake moja imo kwenye fomu tunazoletewa na watoto kwenye mabegi yao.

Nasema England, si Uingereza nzima. Scotland, Wales na Northern Ireland wana utaratibu wao.

Pesa humfuata mtoto

Wengi wetu tunaujua mpango huu kutoka nyumbani. Tanzania, tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, serikali hutenga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi na 25,000 kwa wa sekondari. Kenya wanaiita kapitesheni: shilingi 1,420 kwa mtoto wa msingi na 22,244 kwa wa sekondari. Tunazijua na kasoro zake. Julai 2025 Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu zile 22,244, na kwamba inachoweza ni kama 16,900. Mwalimu mkuu huko hupanga bajeti kwa namba moja kisha akapokea nyingine.

England nayo huhesabu vichwa, ila hesabu yake ina matabaka. Viwango hubadilika kila mwaka. Hapa natumia vya fomula ya taifa ya 2024-25. Tabaka la chini ni kiasi cha msingi kwa kila mtoto: pauni 3,562 kwa wa shule ya msingi, 5,022 kwa wa Year 7 hadi 9, na 5,661 kwa wa Year 10 na 11. Juu ya hapo huongezwa fedha kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, kwa walioanza masomo wakiwa nyuma, kwa wanaohamia shule katikati ya mwaka, na kwa wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya ziada. Kisha kila shule, ndogo au kubwa, hupewa kiasi kimoja cha jumla, pauni 134,400. Mwisho kabisa London huongezewa kidogo kwa sababu mishahara na gharama za hapa ziko juu.

Sasa chukua darasa la watoto 30 ambalo limebaki na 20. Shule imepoteza kiasi cha msingi cha watoto 10, yaani pauni 35,620, kabla hujahesabu nyongeza nyingine. Fedha hizo zinakaribia mshahara wa mwalimu anayeanza kazi Inner London. Lakini darasa la watoto 20 linataka mwalimu yule yule, taa zile zile, na hita ile ile ya Januari. Mwaka wa kwanza shule humwachisha kazi msaidizi wa mwalimu. Wa pili huunganisha Year 3 na Year 4. Wa tatu wazazi huitwa kwenye mkutano.

Ndivyo ilivyokuwa Hackney. Desemba 2023 kaunsili yake iliamua kuzifunga shule za msingi za De Beauvoir na Randal Cremer, na kuziunganisha Colvestone na Princess May, na Baden Powell na Nightingale. Walimu wa shule hizo hawakushtakiwa kwa kufundisha vibaya. Viti vilikuwa vitupu. Watoto wanaozaliwa London wamepungua, Brexit na Korona viliwaondoa wengine, na kodi za nyumba zinawasukuma wenye watoto nje ya jiji. Tujihesabu wenyewe hapa: ni familia ngapi za jumuiya yetu zilizohamia Luton, Milton Keynes au Northampton? Kila mtoto aliyehama aliondoka na fedha zake.

Kisu kiko mkononi mwa nani

Hapa ndipo mswada unapoingia. Hadi leo fedha haziendi moja kwa moja kutoka Wizara ya Elimu hadi shuleni. Tangu 2006 wizara huipa kila kaunsili fungu maalumu la shule, na kaunsili hulikata kwa fomula yake ya mtaa, baada ya kushauriana na Jukwaa la Shule, ambalo wanachama wake wengi ni walimu wakuu na wajumbe wa bodi za shule. Hata akademi, ambazo fedha zao hutoka serikali kuu, hesabu yao hufuata fomula ya kaunsili ya mahali zilipo.

Mfumo huo ulizaa tofauti za ajabu. Shule mbili zenye watoto wa hali moja, zikitenganishwa na barabara tu kwa vile moja iko borough hii na nyingine ile, ziliweza kupata viwango visivyolingana. Mengi ya hayo ni ya historia. Inner London ilikuwa na mamlaka yake ya elimu hadi 1990, na iligharamia shule kuliko sehemu nyingi za nchi. Borough zilipoachiwa kazi zilirithi na viwango vile. Wabunge wa mikoa mingine walilalamika miaka mingi kwamba mtoto wao anahesabiwa kwa bei ya chini kuliko wa Tower Hamlets, na tuseme kweli, malalamiko yao hayakuwa ya bure.

Kwa hiyo mwaka wa fedha 2018-19 ikaanza fomula moja ya taifa. Ilianza kwa nusu. Wizara huitumia kupiga hesabu ya kila shule, hujumlisha zote za borough, kisha huipa kaunsili jumla hiyo igawe kwa fomula yake. Ni kama bibi anayempa mama pesa za sikukuu na karatasi ya majina ya wajukuu, kila jina na kiasi chake, lakini mama akifika nyumbani ana ruhusa ya kupunguza kwa huyu na kumwongezea yule.

Mswada wa Shule ulioingizwa House of Lords Mei 2022, Nadhim Zahawi akiwa Waziri wa Elimu, ulitaka kumaliza nusu iliyobaki. Kiasi cha kila shule kingewekwa na Wizara kwa fomula moja, na mkono wa kaunsili ungeondolewa karibu wote.

Kwa upande mmoja inavutia. Mzazi angeweza kuona shule ya mwanawe inapata nini na kwa nini, bila kusoma karatasi za kaunsili 33. Kwa upande wa pili kuna mambo ambayo ofisi ya Whitehall haiyaoni. Kaunsili inajua kwamba mtaa fulani unabomolewa, na kwamba shule iliyo karibu itapoteza watoto kwa miaka miwili kisha itawarudisha majengo mapya yakiisha. Inaweza kuweka akiba ndogo ya kuishikilia shule hiyo. Inaweza pia, Jukwaa likikubali, kuhamisha hadi nusu asilimia ya fungu la shule kwenda kwa watoto wenye mahitaji maalumu, ambako upungufu ni mkubwa kila mahali. Maamuzi hayo yangesogea mbali na watu wanaoijua mitaa.

Mimi nina shaka nyingine, kubwa kuliko hiyo. Mtu akikwambia fomula moja kwa nchi nzima ndiyo haki, mwulize namba zilizomo ndani zimewekwa na nani. Fomula ni mizani, na mizani hufuata mawe yaliyowekwa upande wa pili. Serikali iliweka kiwango cha chini kwa kila mwanafunzi, na waliofaidika zaidi ni shule zilizokuwa na nyongeza chache, yaani shule za maeneo yenye nafuu. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za serikali, National Audit Office, ilitoa ripoti Julai 2021. Ilikuta kwamba kati ya 2017-18 na 2020-21, ukiondoa mfumuko wa bei, fedha kwa kila mwanafunzi katika ile sehemu moja ya tano ya shule zenye umaskini mkubwa zilipungua kwa asilimia 1.2, na katika sehemu moja ya tano yenye umaskini mdogo zaidi ziliongezeka kwa asilimia 2.9. Borough nyingi za London zimo kwenye kundi la kwanza. Hakuna aliyezikata waziwazi. Zilipewa nyongeza ndogo ya kulinda kiwango chao cha zamani, wengine wakapewa kubwa, na bei za vitu zikamaliza kazi.

Namna mswada ulivyokufa

Kilichouua hakikuwa fomula. Sehemu yake ya kwanza ilimpa waziri mamlaka mapana mno juu ya akademi, na waliosimama kuipinga House of Lords walikuwa pamoja na watu wa chama chake mwenyewe waliowahi kushika kazi za elimu serikalini, kina Lord Baker, Lord Nash na Lord Agnew. Serikali ikalazimika kuviondoa vifungu 18 vya mwanzo. Halafu ukaja ule mwaka wa vituko: Zahawi, Michelle Donelan, James Cleverly, Kit Malthouse na Gillian Keegan, mawaziri watano wa elimu ndani ya 2022. Tarehe 7 Desemba Keegan aliiambia kamati ya Bunge kwamba mswada hautaendelea.

Wengi walidhani hapo mambo yamekwisha. Lakini kuanzia 2023-24, kwa kanuni za wizara tu bila sheria mpya, kaunsili zililazimishwa kutumia vipengele vyote vya fomula ya taifa, na zile zilizo mbali nayo kuisogelea kwa angalau asilimia 10 kila mwaka. Kaunsili nyingi zilikuwa zimeshaifikia au kuikaribia kwa hiari. Kwa hiyo mabadiliko yaliyoshindwa kupita mlangoni yanapita polepole dirishani. Serikali ya Labour iliwasilisha mswada wake wa ustawi wa watoto na shule Desemba 2024, wenye mambo ya kifungua kinywa cha bure na mengine mengi, lakini haukuirudisha ile sehemu ya fomula. Kisu bado kimeshikwa na mikono miwili.

Mstari mmoja: lugha ya kwanza ya mtoto

Iwe fomula ya kaunsili au ya wizara, zote mbili hula kutoka chungu kimoja: sensa ya shule. Sensa inayobeba uzito zaidi kwa fedha hufanyika Alhamisi ya kwanza ya Oktoba. Siku hiyo shule huandika nani yupo na taarifa zake, na kinachoandikwa ndicho kinachopanga fedha za mwaka wa fedha unaofuata. Mtoto aliyeandikishwa wiki mbili baadaye hula chakula na kukalia kiti, lakini shule humsubiria fedha zake mwaka mzima.

Kati ya mistari ya sensa upo wa lugha ya kwanza. Wengi wetu, na nimesikia sababu zenu, tunaandika Kiingereza. Mmoja anaogopa mtoto kuwekwa kundi la nyuma. Mwingine anasema, mwanangu anazungumza Kiingereza kunizidi mimi, niandike Kiswahili kwa nini?

Maelekezo ya wizara yanalijibu hilo. Lugha ya kwanza ni ile mtoto aliyoanza kuisikia utotoni na anayoendelea kuitumia nyumbani au katika jumuiya. Kama alisikia zaidi ya moja, na Kiingereza kikiwa mojawapo, inayoandikwa ni ile isiyo Kiingereza, bila kujali Kiingereza chake ni kizuri kiasi gani. Mtoto anayeamka kwa Kiswahili cha mama na kulala kwa katuni za Kiingereza, lugha yake ya kwanza kwenye fomu ni Kiswahili. Huo si ujanja, ni kanuni yao.

Na orodha yao ya lugha, nikiri, ilinifurahisha. Kiswahili hakimo kwa jina moja tu. Kibajuni kimetajwa, Chimwiini cha Barawa kimetajwa, Kingwana cha Kongo kimetajwa, na Kikomoro pia. Kwa hiyo wenzetu wa Barawa na wa Kismayu wanaodhani lazima waandike Kisomali au Kiingereza, waulize ofisi ya shule. Lugha yenu mnayo humo.

Faida ya fedha ni hii. Katika fomula ya 2024-25, mtoto wa msingi mwenye lugha nyingine alileta pauni 590 na wa sekondari pauni 1,585, mradi aliingia shule za serikali za England ndani ya miaka mitatu iliyopita. Nasisitiza miaka mitatu. Kijana wa Year 11 aliyezaliwa Newham haongezi kitu kwa mstari huu, hata kama nyumbani hawazungumzi neno la Kiingereza. Lakini binti aliyefika kutoka Mombasa au Bujumbura mwaka jana na kuingia Year 8, akiandikwa Kiingereza, shule yake imekosa fedha zilizokusudiwa kumlipa mtu wa kumsaidia yeye. Fedha hizo huingia kwenye mfuko wa jumla wa shule, si jina la mtoto, kwa hiyo mzazi ana haki ya kuuliza, kwa adabu: watoto wageni wa Kiingereza wanasaidiwaje hapa?

Kuhusu hofu ya Home Office, haikuanza hewani. Mwaka 2016 wizara iliongeza kwenye sensa maswali ya uraia na nchi ya kuzaliwa. Wazazi na wanaharakati walipinga, wengi wakakataa kujibu, na mwaka 2018 maswali hayo yakaondolewa. Swali la lugha lilikuwapo na bado lipo, na mzazi asiyetaka kulijibu anaruhusiwa kukataa. Anayekataa afanye hivyo akijua anachokiacha.

Sahani imejaa, fomu haijajazwa

Jambo la pili ni chakula, na hapa London tumejikwaa kwa sababu ya kheri. Watoto wa Reception hadi Year 2 wanakula bure England nzima tangu 2014. Septemba 2023 Meya Sadiq Khan akaongeza Year 3 hadi 6 kwa shule za msingi za serikali za London. Sasa mzazi anaona mtoto anakula, ajaze fomu ya nini?

Kwa sababu fomu ile haihesabu ubwabwa. Inahesabu umaskini wa shule. Mtoto wa msingi aliyesajiliwa kwa haki ya chakula cha bure kwa sababu ya kipato aliiletea shule mwaka 2024-25 pupil premium ya pauni 1,480, na kwenye fomula pauni 490 za chakula pamoja na 820 nyingine. Jumla inapita pauni 2,700 kwa mtoto mmoja. Tena akishasajiliwa, pupil premium na zile 820 huendelea kwa miaka sita hata kipato cha nyumbani kikipanda. Anayesajiliwa Reception anaibebea shule yake mpaka Year 6. Chakula cha Meya peke yake hakileti hata senti moja ya hizo.

Kipimo ni familia iliyo kwenye Universal Credit yenye kipato cha kazi kisichozidi pauni 7,400 kwa mwaka baada ya kodi, au iliyo kwenye msaada mwingine unaotambuliwa. Kuanzia Septemba 2026 kila familia ya Universal Credit inaingia kwenye haki ya chakula, lakini serikali ilipotangaza hilo Juni 2025 ilisema pupil premium itaendelea kufuata kipimo cha zamani. Na wale ambao viza zao zinawazuia kupokea fedha za umma: tangu 2022 watoto wenu wana haki ya kudumu ya kuombewa chakula cha bure, kwa masharti ya kipato. Hiki si kile kinachohesabiwa kuwa fedha za umma kwenye viza.

Baadhi ya kaunsili zimeanza kuwasajili watoto zenyewe kwa kutumia kumbukumbu zilizo nazo, mzazi asipokataa. Ulizeni yenu kama ni mojawapo. Na anayetaka kuona kisu kinavyokata, vikao vya Jukwaa la Shule viko wazi kwa umma na karatasi zake huwekwa kwenye tovuti ya kaunsili. Vya vuli na vya Januari ndivyo vya kuhudhuria, maana hapo ndipo fomula ya mwaka unaofuata inapopangwa.

Jumamosi zote kabla ya sensa ya Oktoba tutakuwa na meza ya fomu kando ya meza ya chai. Njooni na barua yoyote ya Universal Credit mliyonayo, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, na nambari ya National Insurance ya mzazi mmoja. Walioomba hifadhi waje na nambari yao ya NASS. Fomu ya chakula inaipokea badala yake.